Mchanga Chini ya Kapeti

Gari la kwanza tulilikuta likiwa limeshaamka. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kama anayempima mtoto homa, kisha akanitazama na kutikisa kichwa. Ilikuwa saa mbili asubuhi, Mamboleo, pembeni mwa mji wa Kisumu, kwenye uwanja wa magari yaliyopangwa yakitazama barabara. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimempigia muuzaji simu na kumwomba jambo moja tu, tuikute injini ikiwa baridi. Injini iliyolala usiku kucha haina la kuficha. Moshi wake wa kwanza, mlio wake wa kwanza, zile sekunde chache kabla oili haijapanda juu, hapo ndipo ugonjwa wake unapoonekana. Muuzaji alikuwa ameiwasha, akalizungusha gari mjini, akalirudisha na kulipangusa vumbi.

"Bwana, hii gari umeipeleka wapi asubuhi hii?" fundi akamuuliza.

"Wapi? Imelala hapa hapa."

"Imelala na homa?"

"Ni jua, boss. Jua ya Kisumu unaijua."

Kulikuwa na mawingu tangu alfajiri. Fundi alifungua mlango wa dereva, akanionyesha pedali ya breki. Raba yake ilikuwa imelika mpaka chuma kinang'aa, lakini mita ya kilomita ilidai gari halijatembea sana, kama gari la kasisi anayekaa karibu na kanisa lake. Niliandika yote mawili kwenye daftari langu, tukaondoka.

Nilijisikia vizuri kwa dakika kama tano hivi. Siku zile, kumkamata mtu akidanganya lilikuwa jambo pekee lililoweza kunifanya nihisi kitu. Mengine yote yalinipita kama kelele za redio ya jirani.

Tulitafuta gari kwa sababu ya figo za mama. Zilikuwa zimeacha kufanya kazi, na kila Jumanne na Ijumaa ilibidi afike mjini akasafishwe damu kwa mashine. Nafasi yake ilikuwa ya saa moja asubuhi. Ukichelewa nusu saa, kiti chako kinapewa mtu mwingine aliyekaa kwenye benchi akiomba kimoyomoyo uchelewe. Sisemi ni ukatili. Mashine ni chache na benchi haliishiwi watu. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye benchi hilo, nikaomba vivyo hivyo.

Sisi tunakaa Ahero, ndani kidogo, nyuma ya mashamba ya mpunga. Kwa muda mrefu jirani alitupeleka kwa gari lake. Halafu Ijumaa moja mkanda wa injini ukakatika tukiwa Nyamasaria, na tulipofika kiti kilikuwa na mtu. Mama alirudi nyumbani na damu yake vile vile ilivyokuwa. Jumamosi viatu vilimkataa. Jumapili alilala ameketi, kwa sababu akilala chali maji yalimpanda kifuani. Kaka yangu aliye Nairobi akatuma fedha na ujumbe mfupi: nunueni kitu ambacho kitawaka kila asubuhi.

Basi hilo ndilo lililotakiwa. Hatukujali rangi, wala redio. Tulitaka gari dogo la familia, mlango wa nyuma ufunguke vizuri ili mama aingie bila kuinama sana, na liwake kila Jumanne na kila Ijumaa. Kwa gari jipya hatukuwa na uwezo. Tulichoweza kupata ni la miaka kumi na nane, ishirini, na gari la umri huo hununui chuma tu, unanunua na tabia za aliyekuwa nalo.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nikifundisha kemia vipindi vichache katika shule moja ya kutwa. Nilizoea kuuliza. Nilimuuliza mhubiri kwa nini anaomba mvua inyeshe na mafuriko yaishe katika wiki moja. Nilimuuliza daktari mashine ile inaondoa nini na inaacha nini, akanieleza kwa subira mpaka akachoka. Swali moja tu sikumuuliza. Badala yake nilinunua daftari, nikajaza kurasa nne za maswali ya kuliuliza gari.

"Msomi," fundi aliniambia alipoliona, "ukiendelea hivi gari itaomba wakili."

Fundi huyu alikuwa wa Kondele, mtu mnene mwenye mikono midogo isiyomfaa mwili wake, na alisikiliza injini akiwa amefumba macho. Nilielekezwa kwake na binamu yangu. Nilimwamini kwa sababu hakuwa na gari la kuuza.

Gari la pili lilikuwa la mzee mmoja mstaafu aliyewahi kuwa karani bandarini. Alikaa upande wa njia ya Dunga, nyumba ya mabati yenye veranda ya saruji, gari likiwa kwenye kivuli cha banda la makuti. Lilikuwa la rangi ya maziwa, umri wake miaka kumi na tisa. Alikuwa analiuza kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kumwacha, hasa jioni, na alisema hivyo mwenyewe kabla hatujamuuliza. Nililiandika hilo pia, na alama ya kuuliza mbele yake.

Boneti ilikuwa baridi. Fundi aliinua kidole gumba.

Lakini kabla hajaifungua, mke wa mzee alitoka na birika, viazi vitamu, na samaki wa jana aliyepashwa moto. Mzee akavuta viti.

"Mle kwanza. Gari haina miguu ya kutoroka."

Katika nyumba kama ile, jambo lililokuleta halitajwi mpaka uwe umetia kitu mdomoni. Nililijua hilo, nimekulia humo humo. Lakini siku ile niliona ni njia ya kutulainisha. Mtu akishakula samaki wako atakuambiaje gasketi yako imeungua? Nikasema, "Asante Mama, tumekula." Ulikuwa uongo, na kila mtu pale aliujua. Fundi aliketi akala sehemu yake na yangu. Mimi nilisimama kando ya gari na daftari langu, chai yangu ikipoa na kuota ngozi juu.

Injini iliwaka mara moja. Moshi haukuwepo, isipokuwa mvuke kidogo uliopotea. Oili kwenye kijiti ilikuwa nyeusi kwa uzee wa kawaida, haikuwa na povu la maziwa linalosema maji yameingia ndani. Fundi alipitisha kidole kwenye nafasi kati ya mlango na mlango, zikawa sawa. Skrubu za bawa la mbele, juu ya gurudumu, hazikuwa na mikwaruzo ya kufunguliwa. Gari halikuwahi kugonga. Niliweka alama ya vema, nyingine, nyingine tena, na kadiri alama zilivyoongezeka ndivyo nilivyozidi kukosa raha. Niliona haiwezekani.

Ndipo nikainua kapeti upande wa dereva.

Chini yake kulikuwa na tabaka la udongo mkavu wa kahawia, unene wa ukucha. Kwenye bati ulikuwepo mstari, kama ule unaobaki kwenye beseni maji machafu yakimwagwa. Nati zilizoshika kiti zilikuwa na kutu.

Mwaka uliotangulia mto ulikuwa umevunja kingo na kuingia tambarare yote ya Kano, kwetu pia. Magari yaliyozama yalivutwa, yakakaushwa, yakapuliziwa manukato, na kwa miezi mingi yalikuwa yakiuzwa mjini kwa watu wasiojua. Gari lililozama huwaka vizuri leo. Huwaka vizuri hata mwezi mzima. Kisha nyaya zake zinaanza kuoza kwa ndani, moja baada ya nyingine, na asubuhi moja unageuza ufunguo na kimya kinakujibu.

"Mzee," nilisema, "hii gari imezama."

"Imezama wapi?"

"Hiyo ndiyo nauliza."

Aliinuka polepole, akaja akainama, akapapasa mahali nilipoonyesha kwa kuwa hakuona vizuri.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "hiyo ni ziwa. Hii gari naosha ziwani kila Jumamosi. Naingiza mwenyewe mpaka maji ifike hapa." Alijigusa chini kidogo ya goti. "Miaka kumi na moja. Mpira ya huo mlango ilichoka, maji inaingia kidogo. Nafungua milango yote, inakauka, narudi nyumbani."

Kila mtu Kisumu anajua magari huoshwa ziwani. Unayakuta yamesimama majini kama ng'ombe, magurudumu yote manne ndani, watu wakiyamwagia kwa ndoo. Na ndiyo sababu sikuamini. Kama ningekuwa na gari lililozama na nikataka kueleza matope yake, ningesema hivyo hivyo. Hadithi ilikuwa nzuri kupita kiasi.

Nilichana karatasi kwenye daftari, nikakwangua udongo ule kidogo, nikaufunga na kuutia kwenye mkoba. Nadhani nilitaka mzee aone nikifanya hivyo.

Fundi alikuwa bado anajifuta mikono. "Hatujamaliza, msomi. Tuvute mikanda ya viti tuone. Tufungue kisanduku cha fyuzi. Maji inaweza kuwa imeingia, lakini ya wapi sijui bado."

"Inatosha," nikasema.

"Dakika kumi tu."

"Inatosha."

Mzee alisimama wima. "Unaniita muongo kwangu?"

"Sijasema hivyo, Mzee."

"Chai hukunywa. Na sasa hii."

Mkewe alichukua kikombe changu, akakifunika kwa kisahani, akaingia nacho ndani. Tulipofika barabarani fundi alinung'unika kwamba ameaibishwa na samaki bado yuko kooni. Nilimwambia nimeokoa maisha ya mama. Niliona ni kweli, na nikajisikia vizuri tena, dakika tano.

Wiki tatu zilifuata. Tuliona gari ambalo usukani wake ulivuta kushoto kama mbuzi anayerudi kwao. Tuliona jingine ambalo mwenyewe hakutaka tuone logibuku, hati ya umiliki, na jingine lenye injini iliyopigwa sabuni ikang'aa mpaka fundi akakataa hata kuigusa, akisema mtu haoshi uso wa maiti bila sababu. Nilikuwa sahihi kila mara. Kila jioni nilirudi Ahero bila gari nikiwa sahihi.

Jumanne ya wiki ya tatu mvua ilinyesha tangu usiku. Gari tulilokodi lilifika limechelewa, likaingia kwenye maji yaliyokuwa yamevuka barabara, likazimika katikati. Dereva aligeuza ufunguo, akageuza, akapiga usukani, akageuza tena. Mama alikuwa nyuma na mfuko wake wa blanketi mapajani. Alisema tu, "Saa ngapi?" Nikamwambia.

Kiti kilikuwa na mtu. Kesho yake walimpokea kama dharura, midomo yake ikiwa na rangi ya majivu, wakamwekea oksijeni kwanza. Muuguzi alisema, "Mama amebeba maji mengi sana," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeonyesha mzigo uliofungwa vibaya. Nilisimama pale nikitazama namba kwenye mashine zikishuka. Nilijua kila namba ilimaanisha nini, na hakuna iliyonifikia. Nilikumbuka tu kwamba sikuwa nimesahihisha madaftari ya kidato cha pili.

Alhamisi mama alikuwa nyumbani, amekaa kitandani, mwepesi tena. Alikuwa akitafuta kadi yake ya kliniki kwenye mkoba wangu. Akatoa ile karatasi, akaifungua.

"Huu mchanga umetoa wapi?"

"Si mchanga, Mama. Ni matope. Yametoka kwa gari iliyozama."

Alichukua kidogo, akasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Akasugua tena, akavileta vidole karibu na sikio, kama wanavyofanya wanawake wakinunua nafaka.

"Iliyozama wapi?"

"Huku huku kwetu. Mafuriko ya mwaka jana."

"Nani amekuambia?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Mimi nimetoa matope kwa hii nyumba mara ngapi?" aliuliza. "Wewe ulikuwa chuo. Nimekwangua kwa ukuta, kwa sufuria, kwa godoro. Matope yetu haina mchanga. Ikikauka inapasuka kama sahani. Ukisugua inakuwa poda, inabaki kwa mistari ya vidole wiki nzima. Hii inalia." Akanisogezea vidole sikioni. "Sikia. Hii ni ya ziwa."

Mimi ndiye mwalimu wa kemia. Nilichukua glasi mbili. Katika moja nilitia kilichobaki kwenye karatasi, na katika nyingine nikatia udongo niliokwangua nyuma ya kabati, ambako maji ya mwaka uliopita yalikuwa yameacha alama na hakuna aliyejisumbua kupaka rangi. Nikajaza maji, nikakoroga zote mbili, nikaziweka dirishani.

Glasi ya kwanza ilitulia kabla chai haijachemka. Mchanga ulikaa chini, safi, maji juu yake yakawa karibu meupe. Ndani ya ule mchanga kulikuwa na kitu cheupe kidogo kuliko punje ya mchele. Nilikitoa kwa ncha ya kalamu. Kilikuwa gamba la konokono, wale wadogo wanaoishi kwenye mizizi ya gugumaji. Glasi ya pili ilikuwa bado na rangi ya kahawa asubuhi iliyofuata.

Mama alizitazama zote mbili. "Hata ungeniuliza tu," akasema.

Tulirudi kwa mzee Jumamosi, mimi, fundi na mama. Mama alisisitiza kuja. Alisema gari ni la kumbeba yeye, na hakuna aliyewahi kuuliza mzigo unaonaje. Sikuwa na uhakika kama gari bado lipo. Lilikuwepo, limelowa, limetoka tu ziwani, milango yote minne wazi kama kuku anayeota jua. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye kingo za chini, na chini ya kila tone kulikuwa na chembe za mchanga.

Mzee alisikiliza sauti yangu, akanitambua.

"Umerudi kupima nini leo?"

"Mzee, nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Mchanga. Nilisema ni mafuriko."

Alipunga mkono. "Mchanga si kosa. Mtu akinunua gari lazima aulize. Chai ndiyo ilikuwa kosa."

Fundi alikohoa akaangalia mbali. Mke wa mzee alikuwa tayari anatoka na birika. Nilikaa. Nilikula kiazi, nikala samaki, kichwa pia, nikanywa vikombe viwili, na hakuna mtu aliyetaja gari. Mama alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa hadi nusu, akakiweka chini. Mke wa mzee akauliza kama chai haina sukari.

"Ni tamu," mama akasema. "Mimi nimepimiwa maji. Nusu ya hii ni ya leo, nusu ningeiba kwa kesho."

"Nani anakupimia?"

"Figo."

Mke wa mzee alichukua kikombe, akamwaga nusu iliyobaki kwenye majani, akakaa karibu naye. Wakaanza kuzungumza Kijaluo kuhusu nani ameolewa wapi, na baada ya muda wakapata mtu wa ukoo aliyeolewa Sondu ambaye wote wawili hawakumpenda.

Kisha fundi akafanya zile dakika kumi nilizomnyima. Alivuta mkanda wa kiti cha mbele mpaka mwisho kabisa, pale ambapo hakuna mtu anayekumbuka kuosha. Ulikuwa mkavu, rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Angalau maji hayakuwahi kufika kwenye kiti. Alivuta ya nyuma, hivyo hivyo. Alifungua kisanduku cha fyuzi, akapiga tochi, akapuliza. Shaba ilikuwa inang'aa. Akaingia chini ya gari na kukaa huko muda mrefu, tukisikia tu nyundo yake ndogo ikigonga hapa na pale.

Alipotoka uso wake haukuwa wa furaha.

"Mzee, ziwa imekula hii gari pia. Pole pole, lakini imekula. Bomba ya breki ya nyuma imeanza kuoza. Beringi ya kulia inanguruma. Hapa chini ya mlango kutu imeanza."

"Hiyo ni kweli," mzee akasema. "Beringi nilisikia. Masikio bado iko."

"Ungetuambia."

"Mara ya kwanza mliniuliza? Mliniambia."

Tuliliendesha. Fundi alikuwa kwenye usukani, mzee kando yake, mimi na mama nyuma. Tulipita mjini, tukapita Mamboleo mbele ya uwanja ule wa magari, tukaupanda mlima wa kuelekea Kiboswa, kwa sababu fundi alisema tambarare husifu kila gari. Beringi ilinguruma njia yote kama mtu anayeota ndoto mbaya. Sindano ya joto ilipanda mpaka katikati, ikakaa hapo. Gia hazikushtuka. Kule juu alisimamisha gari, akaiacha injini ikiwaka, akafumba macho. Ziwa lilionekana kwa mbali chini, la kijivu, na doa la kijani la gugumaji.

"Injini ni nzima," akasema hatimaye. "Tubadilishe beringi, bomba ya breki, mipira ya milango. Na isirudi ziwani hata siku moja. Muoshe kwa ndoo kama watu wengine."

"Itadumu miaka mingapi?" niliuliza. Lilikuwa swali la kwanza kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

"Ukiitunza? Tano. Labda sita."

"Mitano?" mama akasema kutoka kando yangu, akacheka kidogo, kicheko cha kweli. "Mimi sijaomba mitano. Mwambie niliomba Jumanne."

Fundi hakugeuka. Mzee naye hakugeuka. Nilitazama mikono ya mama juu ya mfuko wake, ule mkono wa kushoto wenye uvimbe ambapo sindano huingia. Nilijua hapo ndipo lile swali ambalo sikumuuliza daktari lilipokuwa limejificha, na kwamba mama alikuwa ameshamuuliza, peke yake, siku ambayo mimi nilikuwa nje nikiandika. Sikulia. Nilifunga daftari, nikalitia kwenye mfuko wa nyuma ya kiti cha mbele, na hadi leo sijalitoa.

Tulilichukua. Fundi alishinda nalo Jumapili na Jumatatu. Mzee alikuja mwenyewe gereji kulikabidhi. Alilizunguka akiligusa, bampa, taa, kioo, akaufunga mlango wa nyuma mara mbili kusikia mpira mpya. Akanipa ufunguo na kusema gia ya kurudi nyuma inataka mkono laini. Hilo halikuwa kwenye orodha yangu.

Jumanne mvua haikunyesha. Saa kumi na moja na nusu nilikaa kwenye kiti cha dereva, mama akafungua mlango wa nyuma, akaingia bila kuinama sana, akajifunika blanketi. Niligeuza ufunguo na injini ikawaka.

Nilifika hospitali nikiwa siikumbuki barabara. Lango la wagonjwa lilikuwa bado limefungwa. Mlinzi alikuwa anapasha uji. Tulikuwa tumewahi kwa zaidi ya nusu saa, na sikujua nusu saa kama hiyo inatumiwaje. Nilikaa na mikono kwenye usukani, injini ikiunguruma.

"Zima," mama akasema. "Unachoma mafuta."

Sikuzima. Nilikuwa nafikiria nyaya, fyuzi, kila kitu ambacho kinaweza kuwa kizima sasa na kisiwe kizima baada ya dakika moja.

"Zima, nitakuonyesha kitu."

Nikazima. Kukawa kimya, ila chuma kikilia kidogo kwa kupoa. Akaniacha nikae katika kimya hicho muda kama wa kunywa nusu kikombe.

"Sasa washa."

Likawaka.

"Zima."

Nikazima.

"Washa tena."

Likawaka. Mlinzi aliacha kukoroga uji akatutazama.

"Basi," mama akasema. Alikunja blanketi, akafungua mlango mwenyewe. Lango lilikuwa linafunguliwa, na watu wa benchi walikuwa wameanza kuingia. Aliwapita polepole, akaenda kukaa kwenye kiti chake.